Shahidi Asiyecheka

Kwasemvule ilikuwa na mashahidi wawili wa mgomo wa mkonge: ukuta, na mzee Otmari Mapunda. Ukuta ulisimama pale ilipokuwa korona, kiwanda cha kukamua mkonge, na ulikuwa na majina ya wagomaji wote isipokuwa mmoja, ambaye jina lake lilizibwa kwa kiraka cha saruji. Mzee Otmari alikuwa amefariki kabla hata wazazi wa wanafunzi wa sasa hawajazaliwa, lakini hilo halikumzuia kufundisha historia sekondari kila Jumatano.

Jumatano hiyo alitokea kama kawaida yake juu ya meza ya mwalimu, mzee wa mwanga, kimo chake sawa na chupa ya chai, kavaa koti ambalo mikunjo yake yote ilionekana. Mwalimu Sempombe alimsogezea mbali vumbi la chaki kwa heshima, kama vile vumbi lingeweza kumpalia.

"Insha yenu ya mwisho," alisema Mwalimu Sempombe, "ni mgomo wa hapa hapa kwetu. Kwa vyanzo asilia tu. Chanzo asilia ni kipi?"

"Ni cha aliyekuwepo!" darasa likaitikia.

"Naye huyu hapa. Ulizeni."

Leokadia alikaa mstari wa mbele, kidevu juu kidogo. Shahidi alikuwa baba mzazi wa bibi yake, na heshima hiyo ilikuwa imemkaa begani tangu darasa la kwanza kama kanga mpya.

"Haya nimeyaona," alianza Shahidi, kwa sauti ile nzito isiyopanda wala kushuka. "Tulikata mkonge, mikono ikatoka damu, tukasema basi. Tukaweka mapanga chini. Mgata Kihwele alituuza. Askari walikuja alfajiri wakiwa na majina yetu. Wenzetu wawili hawakurudi."

Nyuma kabisa, karibu na dirisha, mvulana mmoja alisimama. Darasa zima likageuka, maana huyo alikuwa Evodi Kihwele, kitukuu cha huyo huyo Mgata, na kwa miaka yote minne hakuwahi kufungua mdomo siku ya Shahidi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Mgata Kihwele aliwauza kwa kitu gani?"

Shahidi alifungua mdomo. Akaufunga. Palipita kimya ambacho kuku angeweza kutaga ndani yake na kuatamia.

"Alituuza," alisema.

"Ndiyo, babu. Kwa nini? Kwa pesa? Kwa cheo? Kwa shamba?"

"Alituuza."

"Mwuza watu anaulizia bei, kumbe ilishuka!" mtu akatupia kutoka katikati, na vicheko vikalipuka. Evodi akakaa. Hakuinama. Alitazama nje ya dirisha kwa uso wa mtu aliyezoea mvua kumnyeshea peke yake.

"Nyamazeni!" Mwalimu Sempombe aligonga meza, na mzee wa mwanga akatikisika. "Shahidi hatungi. Sheria imemkataza. Pale ambapo chanzo kimenyamaza, naye hunyamaza au hurudia alichosema. Hilo si kosa lake."

Lakini Leokadia alikuwa ameona kitu. Kabla ya kurudia neno lile, Shahidi alikuwa ameyumba kidogo, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akakuta kipandio kimoja hakipo. Hakuwa ameyumba kwa sababu hajui. Alikuwa ameyumba kwa sababu pale palikuwa na kitu, kikaondolewa.

*

Namna mashahidi wanavyosukwa kila mtoto wa Kwasemvule aliijua, kama babu zao walivyojua namna ya kusuka kamba. Ghala la Taifa liliokota kila sauti iliyowahi kunaswa nchini: kanda za redio, kanda za harusi, simu za zamani zilizookotwa majalalani. Kila sauti ilipitia mikono mitatu. Mkono wa kwanza ulisafisha, ukaondoa kelele zote: majogoo, mvua ya bati, vikohozi, makelele ya watu. Mkono wa pili ulipalilia, ukang'oa kila neno la kutukana kabila la mtu, kwa kuwa sheria ya amani ilisema mtoto asifundishwe tusi hata na marehemu. Mkono wa tatu ulichukua kilichobaki ukasuka kichwa kinachojibu maswali. Shahidi alikuwa yote aliyowahi kusema, yakiwa safi, yakiwa na adabu.

Kilichosahaulika ni kwamba kila Shahidi alikuwa na nasaba. Chini kabisa ya ukurasa wake Ghalani, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, paliandikwa sauti ilipokewa kutoka wapi.

Leokadia alikaa maktaba ya shule mchana ule wote, feni likizunguka juu yake kwa uvivu. Mwalimu Sempombe alikuwa amewaambia tangu kidato cha kwanza: ukipata chanzo, usikishangilie, kiulize. Nani kasema? Alikuwa anamwambia nani? Wapi? Nani alikitunza, na kabla yake nani? Wanafunzi waliyakariri maswali hayo kama sala, na kama sala nyingine nyingi, hakuna aliyetegemea jibu.

Nani kasema? Babu Otmari. Anamwambia nani? Hapo Ghala liliandika: *Hadhira.* Wapi? *Mkusanyiko wa umma.* Leokadia alijikuna kichwa. Mkusanyiko wa umma ni hata foleni ya maji.

Akaipanda nasaba hatua kwa hatua. Sauti ilitoka hifadhi ya mkoa. Hifadhi ya mkoa iliipokea kutoka hifadhi nyingine iliyokwisha kufungwa. Nayo ile iliyofungwa iliandika tu jina la mtandao: *Wapenzi wa Kanda.*

Aliutafuta mtandao huo kwa kila njia aliyofundishwa, na kwa njia mbili ambazo hakufundishwa. Jina hilo lilimpeleka kwanza kwenye duka la mikanda ya suruali, kisha kwa mchungaji mmoja aliyekuwa anauza mafuta ya upako. Mwisho, katika pembe ya mtandao ambayo hakuna aliyeifagia tangu bibi yake akiwa na meno, ukajifungua ukurasa wa kijani kibichi wenye maandishi mekundu, mbaya kiasi kwamba hata nzi wa maktaba aliyetua kwenye kioo aliondoka. Mtu fulani, zamani, alipenda kanda za kaseti, akazipiga picha moja moja na kuzipandisha zote jinsi zilivyo, pamoja na mikwaruzo yake.

Picha ya kaseti moja ilikuwa na maandishi ya kalamu ya wino: MSIBA WA MHEHE. KWASEMVULE. UPANDE B. USIFUTE.

Leokadia alivaa visikizio.

Kwanza ilikuja kelele, ile kelele ambayo mkono wa kwanza ulikuwa umeifuta: wanawake wanalia kwa wimbo, jogoo, majembe yanachimba udongo mgumu. Kisha mwanamume mmoja akapiga ukelele, naye Leokadia alishtuka hadi akagonga goti kwenye meza. Ilikuwa sauti ya Shahidi. Ila ilikuwa inakimbia, inapanda, inabana pua, inaiga mtu mwingine.

*"Nani kasema huyu alale humu? Toka, Mhehe, shimo hili nimeshalilalia mimi! Na koti lako nimelivaa, linanuka! Mnamlilia huyu? Huyu ndiye aliyetuuza! Alituuza kwa mkia wa mbwa! Tena wa kuchoma! Akautafuna peke yake gizani, mifupa akamwachia mkewe!"*

Umati ukaangua kicheko. Kicheko cha watu mia, cha watu waliokuwa wanalia sasa hivi, kilichochanganyika na kilio mpaka havikutenganika. Na juu ya wote akasikika yeye mwenyewe, Otmari, akicheka: kilianza chini chini kama injini inayokataa kuwaka, kikakwaruza, kikawaka, kikapanda juu, kikamalizikia kwenye kwikwi.

Leokadia akavua visikizio.

Mkia wa mbwa. Ndicho kipandio kilichokosekana. Mkono wa pili ulikuwa umeliona tusi la kabila ukaling'oa. Mkono wa kwanza ulikuwa umeondoa vicheko. Na neno moja, lililobaki peke yake uwanjani bila nguo, ndilo lililokwenda kusukwa: *alituuza.*

*

Mwalimu Sempombe alisikiliza kanda nzima akiwa amesimama. Ilipoisha akakaa, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, ingawa ilikuwa safi.

"Utani," alisema.

"Mwalimu, wanamcheka maiti?"

"Nyie mmezaliwa wakati utani umebaki wa kutania timu za mpira. Zamani Mngoni, kama babu yako, na Mhehe, kama Mgata, walipigana mpaka wakachoka, walipochoka wakawa watani. Mtani akifa, mtani wake ndiye anayesimamia kaburi. Anavaa nguo za marehemu, anamtukana, anazuia jeneza. Analolisema pale halishtakiwi popote." Akainua kichwa. "Na sisi tumelishtaki miaka yote hii. Tumelifundisha. Mimi mwenyewe nimelisahihisha kwenye mitihani, aliyeandika Kihwele nikampa alama."

"Basi tupeleke Ghalani, walisahihishe."

Mwalimu alisogea dirishani. Nje, watoto wa kidato cha kwanza walikuwa wanagombania mpira wa kitambaa.

"Leokadia, unaijua Kanuni ya Mzizi?"

Aliijua. Kila mtu aliijua, kama mtu anavyojua kwamba kuna kifo. Shahidi akikutwa na kosa kwenye mzizi wa sauti yake, hashonwi kiraka, kwa sababu kosa hilo limeshanywewa na kila neno analolisema. Huvunjwa.

"Watamsuka upya, kwa kanda hii nzima."

"Sheria ya sasa inadai saa nyingi za sauti ndipo mtu asukwe. Babu yako ana upande mmoja wa kaseti. Akivunjwa, amevunjwa." Akavaa miwani. "Nami namfahamu bibi yako. Namwona kila Jumapili kanisani kwao nikipita kwenda sokoni. Sikwambii usipeleke. Nakwambia tu kwamba insha haikulazimishi. Ukiandika habari za mishahara na mapanga, utapata alama zako zote, na hakuna atakayejua."

"Wewe utajua, mwalimu."

"Mimi nimebakiza muhula mmoja nistaafu," alisema Mwalimu Sempombe, na kwa mara ya kwanza Leokadia aliona jinsi alivyochoka. "Nina mengi ninayoyajua."

*

Bibi Yustina alikuwa na zaidi ya miaka tisini na macho yaliyobaki kuona mwanga tu. Kila Jumamosi baada ya chakula alioga, akajipaka mafuta, akavaa gauni la kanisani, akakaa mbele ya kioo cha Ghala sebuleni kumpokea baba yake. Familia za mashahidi zilipewa ruhusa hiyo, kama zamani familia za mashujaa zilivyopewa cherehani.

"Karibu, mke mwenza," alimwambia Leokadia aliposikia hatua zake. "Kaa kimya, mzee yuko hewani."

Kisha akamgeukia baba yake. "Baba, maharage yamegoma mwaka huu. Nimepanda mara mbili."

"Mgomo unahitaji umoja, mwanangu," alijibu Shahidi.

Bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyepewa dawa. "Umesikia? Nikapande yote siku moja."

Leokadia alikaa juu ya mkeka akaangalia mikono ya bibi, jinsi ilivyotulia mapajani. Wakati wa mazishi yale ya Mhehe bibi alikuwa msichana mdogo, kapelekwa shule ya masista huko Ungoni, safari ya mabasi matatu. Baba yake aliugua na kufa kabla hajarudi. Alichoachiwa ni koti na jina. Halafu uzeeni, Ghala likaja na sauti. Alimwamini Shahidi kama anavyoamini kwamba jua linachomoza Lushoto, kwa sababu ndiko alikoliona kila siku likichomoza.

"Mbona hukumwamkia babu yako?" bibi aliuliza. "Umemnunia?"

"Hapana, bibi."

"Umemnunia. Naona kwa masikio. Hebu semeni, mmegombana nini, wewe na marehemu?"

Leokadia alikuwa amejiapiza asiseme. Lakini uongo mbele ya mtu asiyeona ni mzito kuliko uongo mwingine. Alizima kioo, akaweka kinasa sauti kwenye kiganja cha bibi, akakiwasha.

Vilio vikaja. Jogoo. Majembe. Kisha ukelele ule.

Bibi Yustina aliinuka nusu kutoka kwenye kiti. "Ameingia kaburini," alinong'ona. "Baba ameingia kaburini! Walikuwa wakisema hakuna aliyeweza kumtoa. Mpaka apewe kuku."

Na mkia wa mbwa ulipopita, na injini ile ikaanza kukwaruza kifuani mwa mtu aliyekufa, bibi alishika mdomo wake kwa mikono miwili. Machozi yakamtiririka kwenye vidole.

"Anacheka," alisema. "Miaka yote hii huyu wa kwenye kioo hajacheka hata mara moja. Nilidhani kifo kimemfanya mstaarabu."

Baadaye kicheko kikafifia, kilio cha wanawake kikapanda kikafunika kila kitu. Leokadia akataka kuzima; alikuwa amesikiliza pale mara nyingi bila kupata neno. Bibi akamshika mkono.

"Acha. Wimbo huu naujua. Mama alinifundisha. Nauimba mimi humu kichwani, nautoa, nasikiliza kinachobaki." Akaanza kuimba polepole, kwa pumzi tu, pamoja na wanawake wale waliokwisha kufa wote, na katikati ya mistari akasimama, akarudia alichosikia:

"Anasema, mtani wangu, nakuvua koti lako. Sasa nasema kwa kinywa changu." Akaimba. "Anasema, sisi tulipokuwa ndani, wewe ndiye uliyewalisha watoto wetu." Akaimba tena, muda mrefu. "Hukumtaja mtu. Aliyetutaja hatumjui, nami nimechoka kumtafuta. Nenda, Mhehe. Nenda, bwana."

Kanda ikakwaruza, ikaisha.

Walikaa. Kuku waliingia sebuleni, wakatoka. Mwisho bibi akauliza, kwa sauti ndogo ya mtoto anayeulizia giza, "Ukiwaambia, watamvunja?"

"Watamvunja, bibi."

"Huyu wa kioo."

"Ndiyo."

Bibi Yustina alimtafuta mjukuu wake kwa mkono, akamshika shavu. "Najua si yeye. Sasa najua. Lakini ndiye anayeniita mwanangu. Hakuna mtu mwingine aliyebaki duniani anayeniita hivyo, Kadia. Subiri nife. Sitachelewa. Nikifa, waambie."

Leokadia hakusema ndiyo wala hapana, akaubusu mkono wa bibi, na hilo kila mmoja akalielewa anavyotaka.

*

Siku mbili tatu alijaribu kuandika habari za mishahara na mapanga. Insha ilikwenda vizuri, ilikuwa nzuri hata. Hilo ndilo lililomtisha.

Alipita kwenye ukuta akitoka shule. Evodi alikuwa pale, mgongo umeegemea saruji, mfuko wa shule miguuni. Kiraka kilikuwa juu ya kichwa chake.

"Mjukuu wa Shahidi," alisema Evodi bila ubaya. "Umekuja kukagua mali yenu?"

"Nimepita tu."

"Pita tu." Akasogea kumpa nafasi. "Ijumaa hii sipo. Usije ukanikosa."

"Unakwenda wapi?"

"Kuapa. Mzee amekubali nichukue jina la upande wa mama kabla ya vyeti vya mtihani kutoka. Nikitoka hapa niwe mtu asiye na historia." Akacheka kidogo, bila furaha. "Unajua kinachonichekesha? Nyumbani, babu yangu alikuwa akituambia kwamba zamani Wangoni wakitukuta njiani wanatutukana, wanatuita wala mbwa, wanachukua kuku wetu na kwenda zao. Alikuwa anasema kwa kujivuna! Sasa Mngoni akiniona ananiamkia vizuri. 'Habari za asubuhi.' 'Nzuri.' Basi. Miaka yote. Kama vile tumekufa na tumewekwa kwenye barafu."

Leokadia alimtazama, naye akalielewa lile ambalo kanda haikusema. Mtu hamtanii msaliti. Ghala halikuwa limewanyang'anya akina Kihwele jina peke yake. Lilikuwa limewanyang'anya matusi yao.

Kumsubiri bibi kulikuwa na bei, na bei hiyo alikuwa anailipa mtu mwingine, kila asubuhi, kwa salamu ya adabu.

"Usiape Ijumaa," alisema.

"Kwa nini?"

"Ngoja kwanza."

Aligeuka akarudi shule, karibu akimbie. Maktaba ilikuwa inafungwa. Mtunza maktaba alikuwa na ufunguo mkononi na chakula chake cha jioni akilini. Leokadia aliomba dakika chache. Alifungua ukurasa wa masahihisho ya Ghala, akaweka kiungo cha ule mtandao mbaya wa kijani, akaweka kanda nzima, na mahali palipoandikwa *Hadhira* akafuta, akaandika: *Waombolezaji. Msemaji ni mtani wa marehemu, yuko ndani ya kaburi, amevaa koti la marehemu.* Mahali palipouliza nani aliwataja wagomaji, aliandika neno moja: *Hajulikani.* Lilikaa pale kama tundu ukutani, naye hakuliziba.

Kidole kilisimama juu ya kitufe. Akamwona bibi amevaa gauni la kanisani. Akakibonyeza.

*

Bibi hakumgombeza. Leokadia angeshukuru kama angemgombeza. Alipiga magoti mbele ya kiti, akasema, "Bibi, nimepeleka," na mkono wa bibi ukatafuta ukingo wa kanga.

"Nilikuomba."

"Uliniomba, bibi. Nisamehe."

"Sikukuambia nimekusamehe. Nasema tu nilikuomba."

Jumamosi ya mwisho bibi alioga mapema kuliko siku zote. Ghala lilikuwa limetuma taarifa: Shahidi angezimwa jioni hiyo. Leokadia alitaka kumwacha peke yake na baba yake, lakini bibi akamzuia kwa fimbo.

"Kaa. Umemuua wewe, umzike wewe." Kisha akageukia kioo. "Baba."

"Naam, mwanangu."

"Baba, nina jambo moja. Cheka."

Shahidi alifungua mdomo wake wa mwanga. Akaufunga.

"Cheka, baba. Kidogo tu. Kama pale kaburini."

"Sina kumbukumbu ya hilo, mwanangu."

Bibi alitikisa kichwa, taratibu, mara nyingi. "Najua. Si kosa lako. Wewe walikulea vibaya." Akanyoosha mkono, akaugusa ubaridi wa kioo, akaupapasa kama mtu anayefunga macho ya maiti. "Asante kwa kuniita mwanangu. Lala, mgeni."

Alikaa hivyo mpaka mwanga ulipoondoka kwenye kioo, naye aliuona ukiondoka, maana mwanga ndio kitu pekee alichokuwa bado anakiona.

Halafu akagonga sakafu kwa fimbo. "Kadia. Kwa akina Kihwele ni wapi?"

"Bibi, pumzika kwanza."

"Nimepumzika tangu Ghala linipe baba wa kioo. Nyanyua chombo chako cha kunasia sauti. Na usisafishe kitu."

Nyumba ya akina Kihwele ilikuwa ng'ambo ya korona, ua umefagiliwa, kimya. Ujumbe wa Ghala ulikuwa umewafikia tayari. Mlango ulikuwa wazi na watu wa nyumba walikuwa wamekaa ndani kama watu waliorudishiwa kitu kilichopotea wasijue wakiweke wapi. Baba yake Evodi, mzee Galinoma, fundi pampu mwenye mabega mapana, aliinuka alipomwona bibi kizingitini.

"Shikamoo, mama. Karibu ndani."

Bibi hakuitikia. Alikuwa amepandisha fimbo yake akailaza kukingama mlango, nguzo hadi nguzo.

"Hatoki mtu, haingii mtu," alisema. "Nasikia harufu ya mkia unachomwa humu. Mmeficha wapi, wala mbwa nyie? Mimi ni binti wa Otmari, nimekuja kuchukua kuku wangu. Miaka yote hii mmekula peke yenu!"

Mzee Galinoma alisimama katikati ya chumba. Mkono wake mmoja ukaenda ukutani kutafuta pa kushika, na Leokadia akaogopa kwamba wamekosea, kwamba jeraha lilikuwa bado bichi mno. Kinasa sauti kilikuwa kinanasa ukimya, jogoo wa jirani, na pumzi ya mwanamume mzima anayejizuia kulia.

Evodi ndiye aliyetoka chumbani. Alimtazama bibi, akaitazama fimbo, kisha akamgeukia baba yake.

"Baba," alisema, sauti ikimkatika mwanzoni kisha ikashika, "hebu niambie. Tangu lini watumwa wetu wa Kingoni wanafunga mlango, badala ya kutufungulia?"

Bibi Yustina, binti wa Shahidi, ambaye miaka mingi alikuwa akifunika mdomo kwa kanga kwa kuwa binti wa shujaa hacheki hovyo, aliinua uso. Kitu kikaanza chini kabisa kifuani mwake, kikakwaruza kama injini inayokataa kuwaka. Kikakwaruza tena. Kikawaka. Kikapanda, kikaujaza ua wote, kikamfanya jogoo anyamaze, kikamalizikia kwenye kwikwi.

Leokadia hakuhitaji kukisikiliza tena kukitambua. Alikijua kutoka upande B. Alikisogezea kinasa sauti karibu, na akakiacha kiendelee.